Kila mtu ananiambia "angalia mbele" nikiwa nashuka na baiskeli. Mbele wapi?

mteremko_tu

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wale mnaoendesha baiskeli za milimani. Mimi sio mgeni kabisa, pumzi ninayo, kwenye kupanda hakuna anayenisumbua na mara nyingine nawaacha wenzangu mbali tu, shida inaanza tukishafika juu tukaanza kushuka kwenye kile kinjia chembamba chenye mizizi na mawe, hapo wananipita mmoja mmoja mpaka nabaki wa mwisho nakula vumbi, halafu nikiwakuta chini wamekaa wananisubiri kila mtu ananiambia lile lile, "angalia mbele".

Sasa mbele wapi jamani? Macho yangu nayajua, yanakaa kwenye tairi la mbele au hatua mbili tatu kutoka hapo. Nikijilazimisha kuyainua nahisi kama naendesha nimeyafumba, maana lile jiwe la karibu silioni tena, basi woga unaingia na macho yanashuka yenyewe hata sijayaamuru. Na yakishashuka kila kitu kinakuja kwa kushtukiza, jiwe hilo, breki, mzizi huo, breki, kona nimeshachelewa, breki tena, mpaka vidole vinakufa ganzi.

Baiskeli yangu ina shokapu mbele tu, nyuma hakuna. Kuna jamaa anasema hilo ndio tatizo, ninunue yenye shokapu mbele na nyuma. Ni kweli au ni macho? Na kama ni macho, nyie mnaangalia umbali gani hasa? Nipeni kitu cha kufanya, sio "jiamini", hiyo nimeshaisikia ya kutosha.

gia_ya_mwisho

Usinunue kitu. Mpe huyo jamaa hiyo baiskeli yako ashuke nayo yeye, uone kama atakuwa wa mwisho.

Babu_Pedali

Mkuu hapo juu kamaliza, ngoja mimi niongezee nyama.

Ubovu wa huu ushauri wa "angalia mbele" ni kwamba hauna kipimo, ndio maana anayeambiwa anainua macho mpaka mwisho wa njia, anagonga kitu, anarudi kutazama tairi na safari hii haondoki tena hapo. Usipime kwa mita, pima kwa muda. Spidi ya kilomita 20 kwa saa, ambayo kwenye mteremko wala sio spidi ya kutisha, inakupeleka karibu mita 5 na nusu kila sekunde. Ukitazama mita 2 mbele ya tairi, unachokiona utakuwa umeshakifikia ndani ya theluthi moja ya sekunde hivi. Sasa mtu mzima mwenye afya yake, akiwa amekaa tu anasubiri taa iwake abonyeze kitufe kimoja, anatumia kama robo ya sekunde, na hapo hana cha kuchagua. Wewe unacho cha kuchagua, nipite kushoto, nipite kulia, nilipande, niinue tairi, nipunguze mwendo, na ukishachagua mwili nao unataka muda wake wa kusogea, baiskeli nayo inataka muda wake wa kugeuka. Muda huo hauna. Kinachobaki kinachowezekana ni kukamata breki na kukaza mikono, na ndicho hicho unachokifanya mteremko mzima. Kwahiyo mimi sikuiti mwoga, nakuona ni mtu uliyejinyima muda.

Jipe sekunde mbili. Kwa spidi hiyo ya 20 ni kama mita 11. Ukifika 30 ni karibu mita 17. Ukiwa unapanda kwa kilomita 6 kwa saa, sekunde mbili ni mita 3 na kidogo tu, na hapo ni sawa kabisa kutazama karibu. Yaani hiyo "mbele" inasogea na kurudi kufuatana na mwendo wako, sio sehemu moja. Na kama njia imejificha nyuma ya kona au kichaka na huwezi kuona sekunde mbili, basi mwendo wako umezidi macho yako, punguza hapo hapo kabla hujaingia, ukishauona mwisho wake achia.

Halafu kuna kitu kingine watu hawakitaji sana. Ardhi iliyo karibu na tairi inapita mbio mbio machoni, ile ya mbali inapita taratibu, na spidi ni ile ile. Ukiganda kutazama karibu ubongo unapiga kelele kwamba tunakimbia mno, mkono unakwenda kwenye breki. Jaribu sehemu tambarare isiyo na kitu, tazama chini ya usukani kidogo, halafu inua macho mbali, utahisi kama umepunguza mwendo na wala hujapunguza.

Kuhusu shokapu za nyuma, zinasaidia, tena sana kwenye mawe mengi, ila hazikuonyeshi njia. Ukizinunua leo utaenda kushtukizwa na mawe yale yale ila ukiwa umekaa vizuri zaidi.

mteremko_tu

Babu hesabu nimeielewa na imeniuma. Ila hujanijibu pale ninapokwama. Nikitazama mita 11 mbele, lile jiwe lililo mita 2 mbele ya tairi nani analitazama??

dada_wa_kona

Hakuna anayelitazama, ulishalitazama.

Ulipokuwa mita 11 nyuma yake ulilipiga jicho ukaamua unapita kushoto kwake, habari yake imeisha, mikono na miguu inamalizia. Kama huamini hebu fikiria tairi lako la nyuma. Linapita kwenye jiwe hilo hilo baada ya la mbele na hujawahi hata siku moja kugeuza shingo ulitazame, ila unajua linafika lini na makalio unayainua kwa wakati. Hiyo kumbukumbu fupi unayoitumia kwa tairi la nyuma ndiyo tunayoisema, unairefusha kidogo tu iwe sekunde mbili. Ni kama mtu anavyoshuka ngazi anaongea na mwenzake, hatazami kila kidato na hajikwai.

Na hujafumba macho kama unavyohisi. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ni kama digrii 2 hivi, nyoosha mkono mbele utazame kidole gumba, eneo la ukubwa wa ukucha ndilo unaloliona sawasawa, mengine yote ubongo unayaunga kutokana na pale ulipotazama kabla. Ila pembeni na chini ya hapo jicho halijalala, linaona kwa ukungu lakini ni hodari wa kunasa vitu vinavyosogea. Jiwe likipita chini unalijua limepita. Ndio maana nasema macho mbele hayakunyimi jiwe la karibu. Ukiganda kwenye jiwe la karibu ndio unanyimwa njia yote iliyobaki.

Sasa tusije tukakupoteza ukadhani macho yanagandishwa mbali kama picha. Yanaruka. Unatazama mbali, unashusha kidogo kuhakikisha ile mizizi uliyoiona, unarudisha mbali. Wote tunashusha, hata wale wanaokuacha wanashusha. Tofauti yako na wao, kwa maelezo yako mwenyewe, wewe ukishalishika jiwe kwa macho unaandamana nalo mpaka linaingia chini ya tairi. Liache kabla hujalifikia. Ukishaamua unapitaje, achana nalo, ni kama unaliacha deni ambalo umeshalipa ila mwili hauamini, na kwa kweli hapo ndipo penye kazi yote. Na usiyarushe hovyo hovyo pia, jicho likiwa katikati ya kuruka ubongo unazima picha kwa kitambo kidogo sana, mtu anayerusha macho huku na kule kila wakati anapoteza mengi. Miruko michache iliyotulia.

mwamba_mkavu

Samahani ila mimi napingana na hii dini ya kuangalia mbali. Mnaongea kama njia zote ni za kushuka kwa kasi. Mimi naendesha sana sehemu za mawe yaliyorundikana, za kupanda na za kushuka polepole, na pale tairi la mbele lazima uliweke mahali pake hasa, ukitazama mbali pedali inagonga jiwe unaanguka huku umesimama, tena hizo ndizo zinazovunja viwiko. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kuwavisha waendesha baiskeli vifaa vya kufuatilia macho wakawapitisha njia nzuri na njia mbovu, kwenye mbovu macho yakashuka yakaacha mambo ya mbali yakaja kwenye uso wa barabara. Hao ni watu wa kawaida hawajafundishwa na mtu. Mwili unajua unachofanya jamani.

Babu_Pedali

Mwamba sehemu kubwa nakubaliana na wewe ndio maana nimesema muda sio mita. Hapo kwenye mawe uliyoyataja unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, sekunde mbili ni hatua tatu nne, tazama hapo.

Ila huo utafiti unaonyesha watu wanafanya nini, hauonyeshi kwamba ndio njia ya kwenda kasi, hilo ni swali jingine. Na hata kwenye hayo mawe yako kuna kitu nakiona kila siku, mtu anapambana na jiwe kubwa, analipanda vizuri kabisa, akishafika juu yake anasimama. Kwanini? Kwa sababu macho yalikuwa kwenye jiwe tu, hakujua akitoka hapo anaelekea wapi. Kwenye sehemu ya polepole tazama karibu, sawa, lakini jicho liwe la kwanza kutoka, kabla tairi halijatoka.

mwamba_mkavu

Hapo tumeelewana. Ninachotaka ni ile kauli ya "usitazame chini kamwe" ife, inaumiza wanaojifunza.

dada_wa_kona

Nikubaliane na Mwamba halafu nihamie kwenye kona, maana hujauliza mteremko_tu ila kwenye maelezo yako nimeona "kona nimeshachelewa" na mimi kona ndio ugonjwa wangu (jina linajieleza).

Kona nyingi watu wanazipoteza kabla ya kuingia. Wanatazama pale pale walipo, kona inawajia, wanakamata breki wakiwa tayari wamelala ndani ya kona, tairi la mbele linateleza kwa sababu umelidai vitu viwili kwa mpigo, ligeuke na lisimame. Mshiko wa tairi na ardhi una mwisho wake, ukiutumia wote kwenye breki hakuna uliobaki wa kugeukia. Breki zote zimalizike baiskeli ikiwa bado imesimama wima na njia ikiwa bado imenyooka. Na huwezi kumaliza breki mapema kama hukuiona kona mapema, kwahiyo tumerudi kwenye macho.

Macho yanakwenda hivi. Unapokaribia tazama ule ukingo wa ndani, pale njia inapoanza kujificha. Hili halijatoka kichwani kwangu, watafiti Land na Lee mwaka 1994 walichapisha kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba madereva wa magari wanafanya hivyo hivyo, wanaanza kutazama ile sehemu ya ndani ya kona sekunde moja au mbili kabla hawajaingia, usukani unafuata. Kwenye baiskeli tunaongeza kitu kimoja, ukishapajua pa kugeukia usibaki hapo, hamisha macho kwenye kutoka kwake, yaani pale kona inapoishia, hata kama hujafika katikati. Na hapa namaanisha kichwa chote kigeuke, kidevu kifuate, bega la nje lisogee mbele, kitovu nacho kielekee unakotaka kwenda. Ukizungusha mboni za macho peke yake kifua kinabaki kinaelekea kwenye kichaka na baiskeli inasikiliza kifua. Kona isiyo na ukuta wa udongo wa kukupokea, pedali ya nje iwe chini na uzito uwe juu yake, baiskeli ilale zaidi yako.

Zile kona za kugeuka nyuma kabisa, ambazo njia inajirudia kama inarudi ulikotoka, hapo inabidi ujilazimishe haswa maana kutoka kwake kuko nyuma ya bega lako. Utahisi ujinga kutazama nyuma huku unashuka. Geuza tu.

Na mti! Ukitazama mti utaupiga. Mnaujua huu ugonjwa, marubani wa vita walikuwa nao, mtu anakaza macho kwenye shabaha yake mpaka anaifuata kabisa ardhini. Njia ikipita kati ya miti miwili usiihesabu miti, tazama uwazi uliopo katikati na kile kilicho nyuma ya huo uwazi. Kama kuna jiwe la kutisha ni hivyo hivyo, tafuta udongo ulio pembeni yake ulio laini, upige jicho huo udongo. Jiwe ukilikazia macho utaliendea.

fundi_spoku

Nyote mnaongea macho ila hamjauliza kichwa kiko wapi. Mimi watu wananiletea baiskeli wakilalamika haziendi, nawaambia hebu panda nikuone, nakuta mtu ameinama kifua kiko juu ya usukani kichwa kimening'inia, sasa hapo ukimwambia aangalie mbele inabidi akunje shingo mpaka iume. Anatazama mbele dakika moja shingo inachoka anarudi chini. Sio akili yake, ni mkao.

Simama kwenye pedali, pedali zote mbili zikiwa usawa mmoja, magoti yamekunjwa kidogo, kunja kiunoni sio mgongoni, viwiko nje na vimelegea, kidevu juu. Visigino vishuke kidogo chini ya pedali ukiwa unashuka. Uzito uwe miguuni. Pima hivi, kama ukiachia vidole kidogo unadondokea mbele basi umeegemea mikono, na mikono ikiegemewa inakaza, ikikaza kila mtikisiko unapanda mpaka kichwani na huwezi kuona kitu, unaona ukungu unaotetemeka. Hapa yule jamaa wa shokapu ana kaukweli kadogo, baiskeli ngumu nyuma inatingisha zaidi, ila magoti na viwiko ndio shokapu zako za kwanza na wengi wamezifunga. Siti ishushe kabla ya mteremko, kama ni ile inayoshuka kwa kitufe itumie, kama ni ya kulegeza kwa mkono simama uilegeze, inakupa nafasi ya kukunja magoti.

Vitu vidogo sasa. Helmeti nyingi za milimani zina ule ukingo wa mbele wa kuzuia jua, wengi wameushusha chini sana au helmeti yenyewe imeangukia kwenye nyusi, ukiinama ukingo unafunika ile mita 11 ya Babu yote. Upandishe. Miwani pia, kama fremu ya juu ni nene inakata njia pale pale unapopataka. Breki zitegwe kidole kimoja kifike vizuri huku kifundo cha mkono kimenyooka, vidole vitatu vinavyobaki vinashika usukani, hiyo ganzi unayoisema itapungua. Na upepo wa tairi, ukijaza likawa gumu sana linadunda kwenye kila kijiwe, punguza kidogo kidogo mpaka uone linakumbatia ardhi bila rimu kugonga.

gia_ya_mwisho

Haya mimi niliyejibu kwa mzaha nirudi kwa adabu, maana jamaa aliomba kitu cha kufanya na mpaka sasa mmempa somo.

Usianzie kwenye mteremko mgumu. Anza sehemu tambarare, weka mawe madogo au chupa tupu kwa mstari, kila moja hatua tatu nne kutoka nyingine, uzipite kwa kupinda kushoto kulia. Sheria ni moja, macho yasiwe kwenye chupa unayoizunguka, yawe kwenye ile ya pili kutoka hapo. Mwanzoni utazigonga, zigonge tu ni chupa. Ukizoea mwambie mtu asimame mwisho wa mstari awe anaonyesha vidole na wewe unataja kwa sauti ni vingapi huku unapinda. Hapo huna ujanja wa kutazama chini.

Halafu nenda njia unayoijua, iliyo rahisi kuliko uwezo wako, ushuke polepole kuliko kawaida yako na utaje kwa sauti kila kinachokuja kabla hujakifikia. "Mzizi. Jiwe kulia. Kona kushoto." Watu watakuona umechanganyikiwa, waache. Ukisikia unataja mzizi wakati tairi limeshaugonga, unajua macho yameshuka. Zoezi hili ndilo lililo bora kwa maoni yangu kwa sababu mdomo haudanganyi, unaweza kujiambia umetazama mbele lakini huwezi kutaja usichokiona.

La tatu ni kuchukua kipande kifupi tu cha njia, panda nacho kwa miguu unakitazama kutoka juu na kutoka chini, halafu kirudie kirudie. Washindani wa mteremko wanafanya hivyo, wanatembea njia nzima kwa miguu kabla hawajaikanyaga na tairi. Ukitembea unaona sehemu mbili tatu za kupitishia tairi ambazo kwenye baiskeli huwezi kuzifikiria.

Na ukiwa nyuma ya mwenzako usitazame tairi lake la nyuma. Hapo ndio wengi tunajifungia, akikosea unakosea, akisimama unamgonga. Mwachie nafasi, mchukulie kama kioo cha dirisha, uone kupitia pembeni yake kile kilicho mbele yake. Kumbukeni Olimpiki ya Paris 2024, mbio za baiskeli za milimani pale mlima wa Élancourt, mzunguko wa mwisho Pidcock wa Uingereza yuko nyuma ya Koretzky wa Ufaransa, wanafika kwenye mti njia inagawanyika pande mbili za mti, Koretzky kachukua upande mmoja, Pidcock akachukua mwingine, wakatokea pamoja karibu wagongane na Pidcock akaondoka na dhahabu. Mimi kwa mtazamo wangu mtu aliyekaza macho kwenye tairi la mwenzake ule upande wa pili hauoni kabisa.

mwamba_mkavu

Pale Wafaransa walizomea sana haha. Ila ilikuwa halali.

Niongeze moja kwenye mazoezi, mizizi iliyolowa. Ukiiona kwa sekunde zako mbili unapata muda wa kufanya kila kitu kabla, punguza mwendo kabla yake, nyoosha baiskeli iikate mizizi kwa upande wa kukingama, ukifika juu yake breki achia, usukani tulivu, pita. Ukiiona imeshafika utafanya kinyume chake chote kwa wakati mmoja na unajua matokeo.

mteremko_tu

Wakuu nimerudi. Nimefanya la chupa na la kutaja kwa sauti. La chupa linaeleweka haraka. La kutaja kwa sauti limeniaibisha maana nilikuwa natangaza mizizi iliyoko nyuma yangu. Ila kuna sehemu ilikaa sawa kwa muda kidogo, nikaona njia imekuwa pana hivi, breki sikuigusa mpaka kwenye kona, na mikono haikuuma. Wenzangu bado wananiacha lakini sio kwa vumbi lile.

Ukingo wa helmeti fundi ulikuwa kweli umeshuka, nimeupandisha.

Sasa nimekwama kwenye kitu kipya. Njia yetu inatoka kwenye jua kali inaingia msituni ghafla, nikiingia kivulini kwa muda sioni kitu na macho yanarudi kwenye tairi. Na pili kuna siku tunamaliza giza limeshaingia, kwenye taa hiyo sekunde mbili inapatikana vipi?

Babu_Pedali

Ukiona unatangaza mizizi ya nyuma ujue zoezi linafanya kazi. Usiongeze spidi kwanza, iache ije yenyewe.

Kivuli: macho yanachukua muda kuzoea giza na hakuna ujasiri unaoharakisha hilo, kwahiyo tengeneza mapema. Ukiwa bado juani anza kutazama ndani ya kivuli, usitazame mpaka wa jua na kivuli, tazama kilicho ndani yake, na breki zako zimalizie juani. Miwani myeusi ivue kabla ya mteremko, tumia nyeupe au ya rangi hafifu, macho yasiachwe bila kitu maana vumbi na vijiti vipo.

fundi_spoku

Taa: moja kwenye usukani, moja kwenye helmeti, zote mbili. Ya usukani inamulika tairi linakoelekea, sasa kwenye kona tairi bado linaelekea kichakani wakati wewe unataka kuona kutoka kwa kona, hapo ya helmeti inafuata kichwa na ule ushauri wa dada wa kugeuza kidevu unakulipa. Lakini usitumie ya helmeti peke yake. Iko karibu sana na macho kwahiyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu, shimo na bonde vyote vinaonekana bapa. Ya usukani iko chini, inatupa vivuli virefu nyuma ya kila jiwe na hapo ndio unajua lipi kubwa lipi dogo. Ya helmeti ielekeze mbali, ile sekunde mbili yako au zaidi, ya usukani iwe na mwanga mpana wa karibu. Na kama mwanga unafika mita 10 tu, endesha mwendo wa mita 10.

Ukikutana na watu geuza kichwa pembeni usiwapige taa usoni.